Mtungi Bila Mkono

Binti yangu yuko shule ya bweni sasa, na bado nina hasira naye. Nalisema hilo mapema ili mtu asije akadhani nitafika mwisho wa maneno haya nikiwa nimelainika. Kila siku ya maji nashuka ngazi za ghorofa yetu hapa Tassia, Nairobi, na mtungi mkononi, namgombeza njia nzima, na yeye yuko mbali huko anakula githeri ya shule, hana habari.

Afadhali nianze na sheria yenyewe, maana mimi ndiye niliyeitunga. Kwenye ploti yetu maji matamu hayapandi juu. Yanakuja kwenye mfereji mmoja pale chini karibu na geti, asubuhi, mara mbili kwa wiki, tena yakijisikia. Siku nyingine zote tunatumia maji ya kisima, yenye chumvi hadi sabuni inakataa kutoa povu. Kwa hiyo siku ya maji matamu mitungi hupangwa foleni tangu alfajiri, na kwa kawaida ya mitaa yetu mtungi ni mtu. Ukiuweka mahali, umejiweka wewe, na hakuna anayeusogeza.

Kawaida nzuri, lakini watu ni watu. Wakatokea vijana wa mkokoteni. Wanapanga mitungi foleni nzima, wanajaza, wanaenda kuuza mtaa wa Pipeline, na sisi wapangaji tunabaki tukitazamana. Siku moja mama mjamzito akasukumwa, akaanguka pale kwenye simiti iliyolowa. Hapo nikapandwa na mori. Mimi ni karani wa ghala kule viwandani, kazi yangu ni kuhakikisha kila kitu kimekaa mahali pake, na fujo siipendi hata kwa dawa. Niliwakusanya akina mama nikawaambia: kuanzia leo, mpira wa mfereji ukifika kwenye mtungi, mkono wa nyumba hiyo uwe umeushika. Si mkono wa rafiki, si mkono wa kijana wa kutumwa. Wa nyumba hiyo. Mtungi bila mkono unaenda mkiani.

Walipiga makofi, wakanifanya mwenyekiti wa mfereji. Malori ya ghala letu huchelewa kufika, kwa hiyo asubuhi nilikuwa na nafasi. Nilitembea kando ya foleni nikiuliza kwa sauti, "Mkono wa nani huu?" Asiyejibu, mtungi wake nausogeza nyuma. Vijana wa mkokoteni wakatafuta ploti nyingine. Fujo ikaisha, na sitaki mtu aniambie kwamba sheria ile ilikuwa mbaya.

Binti yangu alikulia kwenye foleni hiyo. Nasikia kuna watu wanaosomea jinsi mtoto anavyojifunza kupambanua jema na baya. Mimi sikusomea, ila nililitazama jambo hilo likitokea mbele ya mfereji, mwaka baada ya mwaka. Alipokuwa gredi ya pili, baya kwake lilikuwa lile linaloleta kelele. Nilimuuliza kwa nini hatusogezi mtungi wa mtu. Akajibu papo hapo, "Keateka atakuchapa." Na kama keateka, yule msimamizi wa ploti, haoni? Akakuna kichwa. "Kama haoni... si basi?" Nilicheka mpaka nikakaa kwenye ngazi.

Lakini mtoto wa umri ule hajui kupindisha. Dada yangu alikuja kutoka Shauri Moyo, kwao mfereji umekauka, nikauweka mtungi wake ubavuni mwa wangu kana kwamba yote ni ya kwetu. Mpira ulipoufikia, binti yangu akapaza sauti hadi ghorofa ya juu ikasikia, "Mama, huo si wetu! Huo ni wa anti!" Mwenyekiti mzima! Niliubeba ule mtungi hadi mkiani mbele ya macho ya watu, dada yangu amenuna, nami namwambia mtoto huku nimekaza meno, "Umefanya vizuri, mama. Vizuri sana."

Alipofika gredi ya tano akawa mtu mwingine. Sasa kila kitu kilitakiwa kiwe sawa kwa sawa. Chapati ikikatwa anaipima kwa macho kama fundi cherehani, na ole wako kipande cha kakake kizidi. Tena akaanza kujali watu watasema nini. Kwenye foleni akawa mkali kuliko mimi. Mama akichelewa kidogo tu kwa kufunga lesso, mtungi wake umeshasukumwa nyuma. Akina mama wakawa wanamsifu: "Huyu ana nidhamu, si kama hawa wetu." Nikavimba kichwa. Kanisani nikisimama kutoa ushuhuda, lazima nimtaje. Nilidhani mtu akishaijua sheria na kuipenda, basi amekomaa, na kilichobaki ni kumwombea karo na mume mzuri.

Kumbe nilikuwa nimefika nusu ya njia tu, na hiyo nusu ya pili ndiyo iliyonitoa jasho.

Mlango unaopakana na wetu anakaa mama mmoja wa kutoka magharibi mwa Kenya, yeye na mama yake mzazi, wawili tu. Anafanya kibarua kwenye kiwanda kimoja huko upande wa Mukuru kwa Reuben. Kibarua chenyewe ni cha kusimama getini kabla jua halijatoka. Msimamizi akishachagua watu wake, ukitokea baadaye unarudi ulikotoka. Kwa hiyo aliyekuwa akishuka na mtungi wao ni yule nyanya. Mrefu, mwembamba, kitambaa kichwani, anaushika mtungi kwa mikono miwili hata mpira ukiwa bado mbali. Kwake sikuwahi kuuliza mkono wa nani.

Halafu nyanya akapatwa na kiharusi. Upande mmoja ukafa: mkono, mguu, nusu ya mdomo. Akawa mtu wa kitandani, na mtu wa kitandani anahitaji maji kuliko sisi wote. Shuka ni za kufua kila siku, na mwili ni wa kuosha kila siku. Nyumba iliyokuwa na shida kubwa ya maji ndiyo iliyopoteza mkono wake.

Jirani alinijia Jumapili, bado nimevaa nguo za kanisani. "Dada mwenyekiti, nakuomba. Siku ya maji nitauacha mtungi kwenye laini nikienda kibaruani. Mtu anishikie tu. Hata binti yako."

Nilimpa pole, na nilimaanisha. Nikamwambia, "Lakini dada, nikikufungulia wewe mlango huo, kesho kila mtu ana mgonjwa. Wale vijana watarudi hapa na mitungi ya shangazi zao."

"Sawa, dada," akasema. Hakubishana. Heri angebishana, ningejua la kumjibu.

Aliendelea kuuacha mtungi kwenye foleni kila alfajiri, sijui kwa matumaini gani. Mpira ulipoufikia niliuliza, hakuna aliyejibu, nikausogeza nyuma. Mara nyingine maji yalifika hadi mkiani. Mara nyingi hayakufika. Basi nyanya akawa anaoshwa kwa maji ya kisima, na kwa kulala vile alikuwa ameshaota vidonda mgongoni.

Kuta za hizi nyumba mnazijua. Jioni jirani akimwosha mama yake, sisi mezani tunasikia kila kitu. Nyanya hakulia. Alivuta pumzi kupitia meno, ssss, ndefu, halafu anasema taratibu, "Polepole, mwanangu. Inachoma." Binti yangu, aliyekuwa amefika gredi ya tisa, anaweka kalamu chini.

"Mathe, unasikia?"

Hilo jina la mathe silipendi, lakini nimechoka kulikataza. "Nasikia. Maliza hesabu."

"Ni chumvi inamchoma."

"Najua ni chumvi. Maliza hesabu."

Shule zikafungwa. Siku ya maji nikashuka na mtungi wetu, ule uliokatika mshikio nikaufunga kwa waya, nikaanza kutembea kando ya foleni kama kawaida. Wetu ulikuwa karibu na mbele, ukajazwa. Mpira ulipofika kwenye mtungi wa jirani, nikaona mkono umeushika. Mkono wa binti yangu.

"Huo ni mkono wa nyumba gani?" akauliza mama mmoja nyuma, yule mwenye duka la mboga pale getini. Wengine wakaitikia. "Ee, mwenyekiti, tuambie, ni wa nyumba gani?" Wote macho kwangu.

"Uachilie," nikamwambia binti yangu.

"Mathe, hii sheria ilikuwa ya kuzuia nini?"

"Usiniulize maswali mbele ya watu."

"Si ilikuwa ya kuzuia watu wa kuuza maji? Sasa shosho wa jirani anauza maji?"

Kuna mtu alicheka, akajikohoza. Ningemjibu nini? Jibu nilikuwa nalo, na bado ninalo: sheria haimtazami mtu usoni, ikianza kutazama uso itaanza kutazama na kabila, na urafiki, na nani alimletea nani sukari. Mimi nimeishi Nairobi, najua inavyokwenda. Lakini jibu hilo ni refu na mpira ulikuwa unamwaga maji chini. Nikautoa mkono wake kidole kwa kidole, nikaubeba ule mtungi mwenyewe, nikaupeleka mkiani.

Hakupiga kelele. Aliunyanyua mtungi wetu uliojaa, akaubeba hadi kule nyuma, akamimina maji yote kwenye wa jirani. Aka! Yote, hadi tone la mwisho. Kisha akaupanga wetu mtupu pale mkiani, akasimama ameshika ile waya. "Haya," akasema, "mkono wa nyumba yetu huu hapa."

Sheria haikuwa imelikataza hilo popote. Maji yako ukishayajaza ni yako, mwaga, oga, gawa. Mfereji ukakauka kabla mpira haujamfikia, na kesho yake nikaenda kazini na blauzi iliyofuliwa kwa chumvi, kola imekakamaa.

Nilimfokea siku ile mpaka sauti ikakwama. Nilimwambia ameniaibisha, amenigeuza kituko mbele ya wanawake ninaowaongoza, nani alimtuma kuwa mwema kwa maji yetu sote? Kakake naye ataoga nini? Akanisikiliza hadi mwisho, akasema, "Lakini sijavunja sheria yako." Kitu kilichonikera kuliko vyote ni kwamba alikuwa anasema kweli.

Nikampigia mama yangu simu, kule Kitui, nipate mtu wa kuniunga mkono. Mama ni mtu wa fimbo, kwetu tulikua tukitii kwanza halafu tunauliza mwaka unaofuata. Nikamweleza yote. Akasema, "Woi. Huyo mgonjwa anaitwa nani, nimtaje kwenye maombi?"

Nilikuwa nimepakana na yule nyanya miaka, jina lake silijui. Nikamwambia mama mtandao unasumbua, nitampigia baadaye.

Hapo basi nikaamua yaishe. Niliwaita akina mama chini, nikawaambia tuongeze kifungu kimoja: nyumba yenye mgonjwa wa kitandani iruhusiwe mkono wa jirani. Kifungu kimoja tu! Nilidhani watapiga makofi kama ile mara ya kwanza.

"Mwenyekiti," akasema yule mama wa mboga, "si wewe uliyesema ukimfungulia mmoja mlango, kesho kila mtu ana mgonjwa?"

"Nilisema, lakini huyu tunamjua."

"Na mimi nina presha. Mimi hamnijui?"

Mwingine akadakia, "Mtoto wake ndiye kaingia hapo, ndiyo maana sheria imelegea. Ingekuwa wetu?" Wakaguna. Hata yule aliyeanguka akiwa mjamzito, ambaye kwa ajili yake niliitunga sheria nzima, akanitazama akatikisa kichwa. "Tuiache tu jinsi ilivyo, mama. Imetutoa mbali."

Niliwafundisha mimi! Maneno yangu yalikuwa yakinirudia kutoka midomo ya watu kumi, neno kwa neno, na hakuna hata moja ambalo ningeweza kulikana. Nilitamani kuwatikisa mabega. Hawakuwa watu wabaya. Wote walikuwa wamempelekea nyanya uji. Ila uji ulikuwa kitu kimoja na foleni kitu kingine, na hakuna aliyekuwa tayari kuviweka kwenye kikapu kimoja. Walikuwa wamefika pale binti yangu alipokuwa gredi ya tano, na wamejenga hapo. Sijui mimi nilikuwa wapi. Sikuwa nao tena, na sikuwa na yule msichana.

Likizo nzima akafanya vile vile. Anajaza wetu, anamimina kwa jirani, anaupeleka wetu mkiani, anasimama. Halafu anapandisha ule wa nyanya ngazi zote, kituo kila ghorofa. Siku yenye bahati tulipata maji. Siku nyingine tulioga chumvi, kakake analalamika macho, mimi nalalamika kila kitu. Jioni upande wa pili wa ukuta kulikuwa na sauti ya kata ndani ya beseni tu, na nyanya akiongea mambo ya kawaida, mara kuku wa nyumbani, mara mvua. Binti yangu anasoma kitabu chake, hanitazami hata. Angenitazama kwa kiburi ningempa maneno yake. Hakunipa nafasi hiyo.

Ikafika siku ya kwenda bweni. Sanduku limefungwa, godoro limeviringishwa, tunangoja bodaboda ya mizigo. Nilitarajia aseme kitu. Nilikuwa nimejiandaa, haki ya Mungu, jibu lilikuwa kwenye ncha ya ulimi.

"Mathe, ule mtungi wa shosho kifuniko kilipotea," akasema. "Ukipanda nao usiutikise."

"Nani amekwambia nitapanda nao?"

"Sijasema utapanda nao. Nimesema hauna kifuniko."

Bodaboda ikaja, akaenda zake.

Siku ya maji iliyofuata nilishuka nimejiapiza kwamba sitamwiga. Mtungi wa jirani ulikuwa kwenye foleni kama kawaida, hauna kifuniko, mwenyewe ameshaenda geti la kiwandani. Wangu ukajazwa. Mpira ukafika kwenye ule. "Mkono wa nani huu?" nikauliza, kwa mazoea tu, mdomo ulitangulia. Mama wa mboga akakunja mikono, akangoja. Sikuwa na haja ya kutazama juu kujua dirisha lipi ni la nyanya.

Niliubeba ule mtungi mkiani, sheria ni sheria. Nikarudi, nikachukua wangu uliojaa, nikaenda nikaumimina wote, nikimtukana binti yangu kimoyomoyo kwa kila tone. Nikaupanga wangu nyuma, nikaushika. Waya ilikuwa imefunguka ncha, ikanichoma kidole, damu kidogo, nikaifyonza. Maji yakakatika watu wawili mbele yangu.

Nilipanda ngazi na mitungi miwili, mmoja umejaa na mmoja mtupu, nguo zimelowa kwa kukosekana kifuniko. Mlango wa jirani hufungwa kwa komeo tu mchana. Nyanya alikuwa amelala kwa ubavu, akageuza jicho moja.

"Msichana yuko wapi?" Maneno yalitoka upande mmoja wa mdomo, lakini nilielewa.

"Ameenda shule, nyanya."

Akautazama mtungi. "Ya chumvi?"

"Hapana. Matamu."

Alifumba macho, uso wote ukalegea, hata ule upande uliokufa nikaona kama umelegea. Sikungoja anishukuru. Sikutaka kushukuriwa kwa jambo ambalo bado nilikuwa nalikasirikia. Nikafunga komeo, nikaenda kazini.

Jioni nilirudi na vumbi la ghala hadi masikioni. Maji yalikuwa ya kisima, sina mengine. Nikaingia bafuni, nikachota kata, nikajimwagia. Nilikuwa nimekisahau kile kidole. Kidonda chenyewe kidogo kama punje ya mchele, lakini chumvi ilipokigusa niliruka, nikavuta pumzi kupitia meno, ssss, ndefu.

Nikabaki nimesimama na kata mkononi. Sauti ile niliijua. Nilikuwa nimeisikia kupitia ukuta wa jirani jioni zote zile, nikamwambia mtoto amalize hesabu.